Pafu dogo la plastiki na kikohozi cha wachimbaji

Makobola, siku ya posho, saa kumi za mchana. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, wanaume na wanawake kama 30 hivi, ziwa Tanganyika mbele yetu, milima nyuma yetu. Mkutano wa sendika. Jambo la kwanza tulilotaka kuongea ni mchango wa mwezi, lakini hatukufika mbali. Ndugu mmoja alishikwa na kikohozi. Tukangoja amalize. Hakumaliza. Mke wake akamletea maji kwenye kikombe, akanywa kidogo, akatuomba msamaha kama vile amefanya kosa.

Huyu ndugu tunamjua sisi wote. Aliingia kwenye mashimo ya Misisi akiwa kijana wa miaka 19, kisha akaenda Lubichako, kisha akarudi Misisi tena. Miaka 14 ya marto na tindo, chini, ndani ya vumbi. Leo ana miaka 41 na hawezi kupanda kilima kwenda kwenye shamba lake la mihogo bila kupumzika mara tatu. Kule alikotibiwa walimwambia ni kifua kikuu. Akameza dawa miezi 6. Kikohozi kikabaki. Wakampatia tena dawa miezi 6 zingine, na safari hii makohozi yake yalikuwa yamepimwa na hawakuona mdudu. Hakuna aliyempiga radio ya kifua, sababu mashini ya radio iko mbali na safari inakula mafranka. Hakuna pia aliyemuuliza: «Papa, kazi yako ni gani?»

Tunaandika habari hii juu ya lile swali ambalo halikuulizwa. Na tunaiandika juu ya labo moja ya Marekani, iliyo mbali sana na Fizi, ambako watu wamefanya kitu kinachotugusa bila wao kujua kama sisi tuko.

Habari yenyewe ilitufikia kwa simu. Mtoto wa mwenzetu anasoma universite, na yeye njo alitutumia picha na maelezo kwa Kifaransa. Tukasoma pamoja, tukauliza, tukasoma tena.

Iko hivi. Mwaka 2010, kwenye chuo cha Harvard, mtafiti Dan Huh na profesa wake Donald Ingber walitoa matokeo ya kazi yao katika gazeti la kisayansi liitwalo Science. Walikuwa wametengeneza pafu ndogo. Usifikiri pafu kama lile la mbuzi unaloona sokoni. Ni kipande cha plastiki laini, chenye kuonekana ndani kama kioo, ukubwa wake sawa na ile kle ya kompyuta tunayowekea nyimbo. Ndani yake kuna vinjia viwili vyembamba sana, kimoja juu, kimoja chini, na katikati yake kuna utando wenye matundu madogo. Upande wa juu wa utando wamepanda chembe hai zilizotoka kwenye pafu la mtu, na juu yake inapita hewa. Upande wa chini wamepanda chembe za mishipa ya damu ya mtu, na chini yake inapita maji yenye chakula cha chembe, kama vile damu inavyopita. Pembeni kuna vinjia vingine vya kuvuta hewa: vikivuta, utando unatanuka, vikiachia, unarudi. Unatanuka, unarudi. Kile kipande kinapumua.

Hakuna panya aliyechinjwa ili kile kipande kipumue, na chembe zenyewe ni za mtu. Wataalamu wanakiita «pafu juu ya chipu». Sisi tunasema pafu dogo la plastiki, na kila mtu chini ya mwembe alielewa.

Kitu kilichotufanya tusimamishe mambo ya mchango ni hiki: kati ya vitu vya kwanza walivyoweka ndani ya lile pafu dogo, kulikuwa vumbi la silika. Vumbi dogo sana, lililotengenezwa labo, lakini ni silika, ndugu wa lile tunalomeza sisi. Na waliona jambo moja. Pafu likiwa limetulia, vumbi lilikuwa linaumiza kidogo. Pafu likianza kupumua, kutanuka na kurudi, maumivu yaliongezeka, na vitu vidogo sana kama vumbi vilipita kwa wingi zaidi kutoka upande wa hewa kwenda upande wa damu. Yaani kupumua kwenyewe kunalisaidia vumbi kuingia. Sasa fikiri mtu anayepiga jiwe kwa nguvu zake zote ndani ya shimo, anahema kama mbwa aliyekimbia. Yeye anapumua mara ngapi kwa dakika moja?

Tueleze silika, sababu wengi wetu tumelisikia hilo jina bila kulielewa. Dhahabu yetu inapenda kukaa ndani ya jiwe jeupe gumu, ambalo wenye elimu ya mawe wanaliita kwatzi. Kwatzi ni silika. Ukilipiga, ukilitoboa, ukilitwanga, linatoa vumbi. Lile vumbi unaloliona kwenye mwanga wa toshi, linaloganda kwenye nyusi na puani, kubwa yake inakwama puani na kooni, unaitema. Linaloua ni lile usiloliona, dogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Hilo linashuka mpaka mwisho wa pafu, kwenye vifuko vidogo ambako hewa inakutana na damu. Kuna chembe za mwili zenye kazi ya kumeza uchafu kule ndani. Zinameza silika, lakini haziwezi kuivunja. Zinakufa, zinaiachia, zingine zinakuja kuimeza tena, na mahali pale panabaki kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka juu ya mwaka. Kovu halipumui. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya.

Haiishii pale. Mtu mwenye silika kifuani anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine, kwa hiyo magonjwa mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na dawa ya moja haitoi lingine. Na tangu mwaka 1997, CIRC, ile taasisi ya OMS yenye makao Lyon kule Ufaransa inayochunguza vitu vinavyoleta kansa, iliweka vumbi la silika ya kazini kwenye kundi la 1. Kundi la 1 maana yake hakuna tena mashaka: kinaleta kansa kwa mtu. Kansa ya mapafu. Moshi wa dizeli nao uliingizwa kundi hilo hilo mwaka 2012. Wenzetu wanaoweka moteri ya kuvuta maji karibu na mdomo wa shimo, wasikie.

Mama mmoja twangaise, mwenye kutwanga mawe toka mume wake afariki, aliuliza: «Sasa panya alikuwa na kosa gani? Si walikuwa wanatumia panya zamani?»

Ni swali zuri. Zamani, na hata leo, labo nyingi zinatumia panya na wanyama wengine. Wachimbaji tunajua kazi ya mnyama anayetangulia kufa. Uingereza walikuwa wanashuka na ndege mdogo wa rangi ya njano, kanari, ndani ya tundu. Gesi mbaya ikiwako, ndege anaanguka kwanza, watu wanakimbia. Wazo la desturi hiyo lilitoka kwa mwanasayansi John Scott Haldane katika miaka ya 1890, na desturi yenyewe iliisha mwaka 1986, wakati mashini za kupima gesi zilipochukua nafasi yake. Kwa gesi, kanari alisaidia. Kwa vumbi hawezi. Vumbi linachukua miaka 10, 15, 20. Kanari gani anaishi miaka 20 ndani ya shimo?

Na panya ni hivyo hivyo. Anaishi miaka miwili au mitatu. Anapumua kwa pua tu, wakati sisi tukichoka tunafungua mdomo. Pafu lake halikujengwa kama letu. Wataalamu wa CIRC walipoangalia majaribio ya silika, waliona panya wakubwa walipata uvimbe wa kansa, lakini wanyama wengine wadogo wa labo, wanaoitwa hamsta, hawakupata. Ungesikiliza nani? Kwa sigara ilikuwa vibaya zaidi: kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kumfanya mnyama apate kansa ya mapafu kwa kuvuta moshi, na wenye viwanda vya sigara walifurahia sana hayo mashaka. Jibu lilitoka kwa watu wenyewe. Mwaka 1950 madaktari Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwauliza wagonjwa wa hospitali za London kama walivuta na kwa miaka mingapi, wakalinganisha. Ni lile lile swali ambalo ndugu yetu hakuulizwa: umepumua nini maishani mwako?

Hapa njo tunataka msomaji akae nasi kidogo. Kwa upande wa vumbi, mnyama wa majaribio wa kweli hakuwa panya. Alikuwa mchimbaji.

Georgius Agricola, mganga wa Ujerumani aliyeandika kitabu kikubwa juu ya migodi kilichotoka mwaka 1556, alieleza kwamba kwenye milima ya Karpati kulikuwa na wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, na wote waume saba vumbi la migodi liliwamaliza. Mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa unaua wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, ulikuwa kansa ya kifua. Walijuaje? Walifungua maiti. Baadaye ikajulikana kwamba mle ndani kulikuwa gesi ya radoni, inayotoka kwenye mawe yenye uranio. Na juu ya dizeli, utafiti mkubwa uliotoka Marekani mwaka 2012 ulifuata wafanyakazi 12,315 wa migodi 8, wakahesabu nani alikufa kwa kansa ya mapafu na alikuwa amepumua moshi kiasi gani.

Kila mara ilikuwa hivyo: kwanza watu wanakufa, kisha wanahesabiwa, kisha sheria inabadilika. Lile pafu dogo la plastiki linatupendeza kwa sababu linageuza huo mpangilio. Linaweza kuonyesha madhara ya vumbi kabla ya mjane wa saba.

Huku kwetu Kongo pia kuna walimu wa universite waliofanya kazi bila kuua mnyama. Profesa Célestin Banza Lubaba wa universite ya Lubumbashi, pamoja na profesa Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, na wenzao, walienda kwa watu wenyewe. Kwenye mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, walichukua mkojo na damu ya wakaaji 72, watoto 32 wakiwemo, na vumbi la nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Waliokaa karibu na mashimo walikuwa na kobalti nyingi mwilini, watoto kuliko watu wakubwa, na kwa watoto hao waliona dalili za kuumia kwa ADN. ADN ikiumia, mlango wa kansa unaweza kufunguka. Hao watoto hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wanacheza chini.

Tulipowasomea hayo, mama twangaise wakanyamaza. Kila mmoja alikuwa anafikiri mahali anapotwangia, na mtoto aliye mgongoni.

Turudi kwenye labo. Kazi haikusimama mwaka 2010. Kikundi cha Ingber kilitengeneza mwaka 2016 njia ndogo za hewa, wakapanda chembe za watu wenye ugonjwa wa mapafu wa wavutaji, na wakatengeneza mashini inayovuta sigara na kuipulizia moshi ile chipu, inavuta na kutoa kama mtu. Mwaka 2017 walipanda chembe za kansa ya mapafu ya mtu ndani ya lile pafu dogo na kuangalia jinsi inavyokua. Waliona kwamba mwendo wa kupumua unabadilisha kansa: pafu likitanuka na kurudi, kansa inakua polepole, na hata jinsi inavyojibu dawa inabadilika. Hayo huwezi kuyaona kwa chembe zilizolala kwenye sahani ya kioo. Na kwenye panya huwezi kusimamisha kupumua ili ulinganishe, panya atakufa.

Sheria nayo imeanza kusogea. Mwisho wa mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria inayosema kwamba dawa mpya si lazima tena ipitie kwa wanyama kabla ya kujaribiwa kwa watu. Njia kama hizi za chembe na chipu zinaweza kukubaliwa.

Yule mama akauliza tena: «Na hiyo pafu ya plastiki, iko inakohoa?»

Watu walicheka, lakini hakuuliza mchezo. Jibu ni hapana. Haikohoi. Haina tumbo lenye njaa, haijabeba kifua kikuu cha zamani, haijavuta moshi wa kuni jikoni toka utotoni, haijashinda miaka 14 Misisi. Inaishi siku au majuma, si miaka. Wanasayansi wenyewe, mwaka 2010, walilinganisha chipu yao na pafu la panya kuhakikisha kwamba waliyoyaona juu ya vumbi ni ya kweli. Kwa hiyo tusidanganyane: mnyama hajatoka kabisa labo, na chipu si mtu. Na yule ndugu yetu, chipu haitamrudishia pafu lake. Alituuliza uso kwa uso, na tulimjibu hivyo hivyo. Alisema: «Basi isaidie hawa vijana.»

Ndiyo sababu tunaandika. Tuko na mambo matatu ya kusema, moja kwa wenye labo, mawili kwa sisi wenyewe.

Kwa wenye labo, wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Ulaya, wa Amerika: vumbi la Fizi lipo. Mkitaka kujua jiwe letu jeupe linafanya nini kwenye pafu la mtu, njooni mchukue vumbi, tutawaonyesha mahali. Lakini mtu akitoa makohozi yake, damu yake au kipande cha pafu lake, aulizwe kwanza kwa lugha anayoielewa, na majibu yarudi huku, kwa Kiswahili, chini ya mwembe huu. Tumechoka kuwa panya ambao hawasomewi matokeo.

Kwa sisi wenyewe, jambo la kwanza ni maji. Si lazima tungoje Harvard ili tulowanishe jiwe. Jiwe lenye maji likitwangwa linatoa vumbi kidogo sana kuliko jiwe kavu. Bido moja la maji kando ya kinu. Maji kwenye ukuta wa shimo kabla ya kupiga. Kutwanga mbali na jiko na mbali na watoto, upepo ukiwa mgongoni. Nguo za kazi zisilale nyumbani. Kitambaa cha kufunga pua kinasaidia kidogo tu. Lile vumbi dogo linapita. Barakoa ya kweli ya vumbi ni bora, lakini tunajua bei yake, kwa hiyo maji kwanza. Moteri ya dizeli ikae mbali na mdomo wa shimo. PDG anayesema maji yanachelewesha kazi, tumuulize ni nani atakayelipa radio ya kifua.

Jambo la pili ni kuhesabu. Afrika ya Kusini, wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi na kifua kikuu walishitaki makampuni, na mwaka 2018 makampuni sita yalikubali kutoa rand bilioni 5 hivi. Mahakama ilikubali mapatano hayo mwaka 2019. Pesa haikurudisha mapafu, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini wale walishinda sababu kulikuwa karatasi: nani alifanya kazi mgodi gani, tangu mwaka gani mpaka gani. Sisi wa kuchimba kwa mkono hatuna karatasi. Hakuna bwana aliyeandika majina yetu. Tukifa kwa kikohozi, tunaandikwa «kifua kikuu» au hatuandikwi.

Jina la Makobola linajulikana nje juu ya watu waliouawa hapa mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999. Wazee wetu wanajua kazi ya kuandika majina ya wafu, na jinsi inavyouma jina likisahauliwa. Wanaokufa kwa vumbi hawauawi siku moja, kwa hiyo hakuna anayekuja kuuliza majina.

Basi siku ile, kabla jua halijashuka, tulinunua kaye ya kurasa 96 kwenye kibanda cha pembeni. Tukachora mistari: jina, mwaka wa kuzaliwa, mashimo gani, miaka mingapi, kazi gani chini au juu, kikohozi tangu lini, alitibiwa nini, alipigwa radio au hapana. Wa kwanza kuandikwa alikuwa yule ndugu. Alisema mwenyewe miaka yake, mgodi kwa mgodi, na katibu akaandika. Ilichukua muda, sababu alikuwa anasimama kupumua.

Kaye hiyo inakaa kwa mama mmoja twangaise, kwenye sanduku, ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Jina lake njo la pili. Mpaka tunapoandika haya tuko na majina 23. Munganga akiuliza swali, tuko na jibu. Profesa akija na pafu lake dogo, tutamfungulia ukurasa wa kwanza.